PCM au PCB? Uamuzi wa kidato cha tano unaofunga mlango mmoja

MATOKEO ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, kwa kawaida mwezi Januari, furaha ya familia yenye mtoto aliyefanya vizuri katika masomo ya sayansi huwa haichukui muda mrefu kabla ya kugeuka kuwa mjadala. Baba anataka udaktari. Mjomba anayefanya kazi katika kampuni ya ujenzi anataka uhandisi. Mwanafunzi mwenyewe, ambaye mara nyingi ana umri wa miaka 16 au 17, anasema vyote viwili anavipenda, na wala hasemi uongo.

Mjadala huo unaweza kuonekana kuwa ni wa mambo ya mbali, kwa kuwa chuo kikuu bado kiko zaidi ya miaka miwili mbele. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya jibu lake hutolewa mapema zaidi, katika fomu ya uchaguzi ijulikanayo kama Selform, kwa herufi tatu tu: PCM au PCB. Baada ya hapo, mwanafunzi anaweza kusoma kwa bidii kiasi gani, lakini mlango mmoja kati ya ile miwili utakuwa umeshafungwa.

Chanzo cha jambo hili ni muundo wenyewe wa elimu ya sekondari ya juu nchini Tanzania. Katika kidato cha tano na cha sita, mwanafunzi hasomi tena masomo saba au zaidi kama alivyozoea, bali husoma masomo makuu matatu yanayounda tahasusi, au mchepuo kama wengi wanavyopenda kuuita, pamoja na masomo ya ziada. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia.

Sasa tazama vyuo vikuu vinataka nini. Kwa shahada ya udaktari wa tiba, sharti la msingi katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni ufaulu kamili katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu bila kukosa hata moja. Kwa shahada nyingi za uhandisi, ziwe za ujenzi, mitambo au umeme, masomo yanayotazamwa kwanza ni Fizikia na Hisabati ya Juu. Ukiyajumlisha mahitaji ya pande zote mbili unapata masomo manne: Fizikia, Kemia, Biolojia na Hisabati. Nafasi zilizopo ni tatu. Hesabu hiyo haina njia ya kuikwepa.

Mwezi Machi 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla yake kufikia 65 kutoka 16 zilizokuwapo awali. Wapo wazazi waliodhani kwamba katika orodha hiyo ndefu lazima ungepatikana mchepuo mmoja unaoridhisha pande zote. Haukuweza kupatikana, kwa sababu kila tahasusi imeendelea kuwa na masomo makuu matatu, na udaktari peke yake tayari unayameza yote matatu.

Jambo hili halikuumbwa na sayansi yenyewe, ni la mfumo. Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa sekondari aliweza kusoma Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja hadi mtihani wa mwisho wa KCSE, na akaamua baadaye iwapo anaelekea hospitali au kiwandani. Tanzania ilibaki na utaratibu wa ngazi mbili za sekondari ulioachwa na Waingereza, ambao humtaka kijana abobee mapema. Faida yake ni kwamba anafika chuo kikuu akiwa na msingi mzito zaidi katika masomo machache. Gharama yake ni kuamua kabla hajajua anaamua nini.

Kinachochaguliwa ni somo moja

Kwa mwanafunzi aliyekwama katikati, huenda msaada wa kwanza ni kubadili swali. Swali la “udaktari au uhandisi” ni kubwa mno kwa mtu ambaye hajawahi kushinda wodini wala kusimama kwenye eneo la ujenzi. Tahasusi hizi mbili zinafanana katika mambo mawili kati ya matatu. Fizikia ni ileile, mtihani uleule. Kemia ni ileile. Anachokichagua hasa ni kati ya Biolojia na Hisabati ya Juu, na swali hilo anaweza kulijibu, kwa sababu masomo hayo ameishi nayo kwa miaka minne.

Lakini hata hapo panahitajika uangalifu. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne, na hofu yake imeenea. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wengi wanaoandika PCB hawaandiki kwa kuupenda udaktari bali kwa kuikimbia Hisabati. Mtu wa aina hiyo hushtuka ndani ya muhula wa kwanza tu. Fizikia ya kidato cha tano hufungua na vipimo na makosa ya vipimo, kisha mwendo, mzunguko na nguvu za uvutano, na kila mahali hesabu zinamsubiri. Kemia nayo ina msawazo wa kikemikali, kasi ya mmenyuko na nishati, ambako bila logi na milinganyo hakuna kinachokwenda.

Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa PCB hulazimika kusoma Hisabati Tumizi ya Msingi, maarufu kwa kifupi chake cha BAM. Humo atakutana tena na kazi za namba, takwimu, uwezekano na hata misingi ya kalkulasi. Kwa hiyo anayekimbilia PCB ili asione namba tena atakuwa amekimbilia nyumba ya jirani ya yule aliyekuwa akimkimbia.

Upande wa pili nao una wakimbizi wake. Wapo wanaoandika PCM kwa sababu wanaamini Biolojia ni somo la kukariri, na wao hawapendi kukariri. Biolojia ya kidato cha tano na cha sita ina mengi ya kukumbuka, hilo halina ubishi: seli na sehemu zake, uainishaji wa viumbe, uratibu wa mwili. Hata hivyo, urithi wa sifa za viumbe, kwa mfano, huendeshwa kwa mantiki ya uwezekano ambayo mwanafunzi mzuri wa Hisabati huifurahia kuliko mwingine yeyote. Kijana aliyependa sura hiyo alipokuwa kidato cha nne, halafu anaandika PCM kwa sababu tu hapendi kuchora panzi, anastahili kufikiri mara ya pili.

Hisabati ya Juu nayo si mwendelezo mwepesi wa ile ya kidato cha nne. Ina namba changamano, vekta, kalkulasi kwa undani na milinganyo ya tofauti. Alama ya juu katika Hisabati ya kidato cha nne ni dalili njema lakini haitoshi kuwa uthibitisho. Kipimo cha kuaminika zaidi ni tabia. Je, mwanafunzi akikwama katika swali hulala nalo na kuamka nalo, au hufungua ukurasa wa majibu? Mwalimu wake wa Hisabati anajua. Inashangaza kwamba katika vikao vingi vya familia kuhusu tahasusi, mwalimu ndiye mtu asiyealikwa.

Tofauti nyingine haitajwi sana. PCB ina masomo matatu yenye mitihani ya vitendo ya maabara, ilhali PCM ina mawili. Mwanafunzi atakayepangiwa shule yenye maabara dhaifu ataumia zaidi akiwa PCB. Atakayepangiwa shule isiyo na mwalimu wa kutosha wa Hisabati ya Juu ataumia zaidi akiwa PCM, kwa kuwa somo hilo ni gumu kujifundisha peke yako. Kwa hiyo hali ya shule ni sehemu ya uamuzi, na kuulizia habari zake kwa wanafunzi waliotangulia si umbeya.

BAM isidharauliwe

Daraja la kidato cha sita, yaani la kwanza, la pili na kuendelea, hukokotolewa kwa masomo makuu matatu. BAM haimo. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi wa PCB huiweka pembeni na kuikumbuka wiki chache kabla ya mtihani.

Hilo ni kosa kwa mwanafunzi yeyote, na kwa yule ambaye bado roho yake iko kwenye teknolojia ni kosa kubwa zaidi. Katika mwongozo wa TCU, kozi kadhaa ambazo hazidai Hisabati ya Juu humtaka mwombaji awe walau na ufaulu katika BAM au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Mwanafunzi wa PCB aliyefaulu BAM vizuri hageuki kuwa mwombaji wa uhandisi wa ujenzi, lakini anabakiza madirisha kadhaa wazi ambayo mwenzake ameyafunga bila kujua.

Aidha, ni vyema kutofautisha kiwango cha chini na kiwango cha ushindani. Katika utaratibu wa TCU, alama A hupewa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1, na kwa kozi nyingi mwombaji huruhusiwa kuomba akiwa na jumla ya pointi 4 katika masomo mawili yanayohusika. Udaktari una sharti la juu zaidi ya hapo. Lakini kuruhusiwa kuomba ni jambo moja na kuchaguliwa ni jingine. Nafasi za udaktari katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Bugando kule Mwanza au KCMC mjini Moshi hugombewa na wanafunzi ambao wengi wao wako mbali juu ya kiwango hicho. Masharti pia hutofautiana kati ya chuo na chuo na hurekebishwa mara kwa mara, hivyo mwongozo wa kusomwa ni wa mwaka husika, si ule ambao dada aliutumia alipokuwa akiomba.

Orodha ya pili

Hapa ndipo penye jambo ambalo huenda ni zito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika zaidi. Wengi wa wanaosoma PCB hawawi madaktari. Wengi wa wanaosoma PCM hawawi wahandisi. Sababu si uvivu. Nafasi hazitoshi, mtihani mmoja unaweza kuharibika, na watu hubadilika. Kwa hiyo mwanafunzi asiyejua aelekee wapi anapaswa kuuliza: nikikosa ninachokitaka, tahasusi hii inaniacha wapi?

Mwenye PCB akikosa udaktari wa tiba, mbele yake kuna famasia, uuguzi, sayansi za maabara ya tiba, afya ya mazingira, udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro, kilimo, lishe, sayansi ya chakula, uvuvi, wanyamapori na ualimu wa sayansi. Ni orodha ya mambo yenye uhai ndani yake.

Mwenye PCM akikosa uhandisi, anaweza kuelekea sayansi ya kompyuta, takwimu, sayansi ya bima na makadirio, uchumi, ukadiriaji majenzi, usanifu majengo na upimaji ardhi katika Chuo Kikuu Ardhi, hali ya hewa, jiolojia, au ualimu wa Fizikia na Hisabati, walimu ambao shule nyingi nchini zimekuwa zikiwatafuta kwa tochi. Ni orodha ya namba, vipimo na mashine, na ni pana kidogo kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa Hisabati ya Juu hukubalika hata katika fani za biashara na uchumi.

Mwanafunzi akizisoma orodha hizo mbili polepole, bila jina la udaktari wala la uhandisi kuandikwa juu yake, mara nyingi moja itamvutia na nyingine itamchosha. Jibu hilo lina thamani kuliko jibu la swali la awali, kwa sababu halina heshima ya jamii iliyochanganywa ndani yake. Hakuna mjomba anayejigamba msibani kwamba mpwa wake ni mtaalamu wa lishe. Ndiyo maana anayeipenda lishe ana hakika kwamba anaipenda kweli.

Heshima hiyo ya jamii ina historia yake. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, udaktari ulifundishwa Makerere, uhandisi Nairobi na sheria Dar es Salaam. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafuata miaka kumi baadaye, mwaka 1973. Kizazi cha babu wa wanafunzi wa leo kiliwaona madaktari na wahandisi wazalendo wa kwanza kama watu adimu waliokwenda mbali na kurudi na elimu. Sifa hiyo ilibaki hata baada ya vyuo kuongezeka.

Siku hizi upande wa uhandisi umepata mvuto wake mpya. Ujenzi wa reli ya kisasa ya SGR ulioanza mwaka 2017, pamoja na mradi wa kufua umeme wa Julius Nyerere katika Mto Rufiji wenye uwezo wa megawati 2,115, vimewafanya vijana wengi waione kazi ya mhandisi kwa macho yao. Hilo ni jambo jema, ingawa mradi mkubwa unaoonekana kwenye televisheni mwaka huu unaweza kuwa umekwisha siku kijana wa kidato cha nne atakapohitimu shahada.

Na kuhitimu kwenyewe hakufanani. Udaktari ni miaka mitano ya shahada ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Uhandisi ni miaka minne, lakini mhitimu wake hawi mhandisi mtaalamu siku anapovua joho. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha anahitaji kama miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi, na tangu mwaka 2003 bodi hiyo imekuwa ikiendesha mpango maalumu wa mafunzo hayo. Ukijumlisha, njia hizo mbili zinakaribiana sana kwa urefu. Anayechagua uhandisi kwa sababu ni mfupi amehesabu nusu tu ya safari.

Pale mbili zinapokutana

Wapo vijana ambao kukwama kwao hakutokani na kutojijua. Wanapenda kweli mwili wa binadamu na wanapenda kweli mashine. Kwao habari njema ni kwamba hospitali ya leo haiendeshwi na madaktari na wauguzi peke yao. Mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, za kusafisha damu, za kupumulia na za tiba ya mionzi kama zile zilizopo Taasisi ya Saratani Ocean Road zinahitaji watu wanaozifahamu kwa undani. Mtambo wa mamilioni ukikaa mezani bila fundi, daktari bingwa aliye mbele yake hana la kufanya.

MUHAS hutoa shahada ya uhandisi wa vifaa tiba, na fani hiyo hufundishwa pia katika ngazi ya stashahada na taasisi kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha. Ipo pia fizikia tiba, taaluma ya wale wanaokokotoa kiasi cha mionzi kinachomfikia mgonjwa wa saratani, ambayo msingi wake ni Fizikia na Hisabati. Mwenye PCM, kwa maneno mengine, hajafukuzwa hospitalini. Anachokuwa amekipoteza ni nafasi ya kumtibu mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo swali halisi la kumuuliza: je, ni mgonjwa anayemvuta, au ni kile kinachomtibu mgonjwa?

Ukilinganisha, aliyesoma PCB ana nafasi ndogo zaidi ya kuingia uhandisi kuliko aliyesoma PCM aliyo nayo ya kuingia sekta ya afya kwa mlango wa teknolojia. Lakini aliyesoma PCM hana nafasi kabisa ya kuingia darasa la udaktari wa tiba kwa vyeti hivyo. Kwa hiyo kama ndani ya moyo udaktari una uzito hata kidogo zaidi, PCB ndiyo salama. Kama kinachopendwa ni tiba kwa ujumla wake, na Hisabati haitishi, PCM haifungi mambo mengi kama inavyodhaniwa.

Njia ya kuzunguka

Ipo pia njia isiyopita kidato cha tano kabisa, na kwa baadhi ya wanafunzi ndiyo bora. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia anaweza kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, akawa tabibu, akafanya kazi, na baadaye akiwa na wastani mzuri, usiopungua 3.0, akaomba shahada ya udaktari. Vivyo hivyo, stashahada ya ufundi ya miaka mitatu ya DIT, Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni ngazi inayotambulika ya kupandia shahada ya uhandisi.

Njia hiyo ni ndefu zaidi kwa yule anayeitaka shahada, kwa takriban mwaka mmoja au zaidi. Inachompa ni kitu ambacho kidato cha tano hakiwezi kumpa: kuiona kazi kabla ya kuiamua. Tabibu aliyekwishashika zamu ya usiku katika kituo cha afya anajua kama udaktari ni wake. Wazazi wengi bado huiona stashahada kama adhabu ya waliofeli, na mtazamo huo umewanyima watoto wengi mwanzo mzuri.

Kwa aliyekwisha kusoma PCM kisha akagundua kwamba moyo wake uko kwenye udaktari, kuna mlango wa kufanya mtihani wa Biolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Si mlango mpana. Biolojia ina mtihani wa vitendo, na mtahiniwa asiye na shule inabidi ajitafutie maabara na mwalimu, huku wenzake wakiwa wameshaingia chuoni. Anayeandika Selform huku akiutegemea mlango huo kama mpango wake wa kwanza anajitafutia taabu.

Suala la fedha nalo haliko mbali. Tangu mwaka 2022 Serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule zake, mzigo wa miaka hiyo miwili umepungua, lakini chuo kikuu ni habari nyingine. Udaktari una mwaka mzima zaidi wa ada na matunzo kuliko uhandisi. Familia nyingi hutegemea Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita, kuna Samia Scholarship iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, ambayo inahusu pande zote mbili, uhandisi na tiba. Kwa hiyo mwenye ndoto ya kuipata hana sababu ya kuchagua tahasusi kwa ajili yake. Achague ile atakayoongoza.

Kalenda ya kubadili mawazo

Selform hujazwa shuleni kabla ya mtihani wa kidato cha nne, wakati mwanafunzi bado hajajua atapata nini. Baada ya matokeo, Tamisemi imekuwa ikifungua mfumo wake wa kielektroniki kwa muda maalumu ili wahitimu warekebishe machaguo yao ya tahasusi, shule na vyuo. Muda huo ndio wa dhahabu, na hupita bila wengi kuutumia, ama kwa kutojua, ama kwa sababu mwanafunzi yuko kijijini na namba zake za kuingilia kwenye mfumo zilibaki kwenye daftari shuleni. Mzazi anaweza kusaidia sana kwa jambo hili dogo la kuhakikisha namba hizo zipo.

Mpangilio wa shule hutolewa baadaye, na masomo ya kidato cha tano kwa kawaida huanza mwezi Julai. Hapo kuna nafasi ya mwisho. Katika majuma ya kwanza, shule nyingi huwaruhusu wanafunzi kuhama tahasusi iwapo wana alama zinazostahili na nafasi ipo. Sharti ni kwamba shule hiyo iwe na tahasusi zote mbili. Si kila shule inazo. Shule kongwe kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala zimekuwa na michepuo ya sayansi kwa miaka mingi, lakini shule nyingi za kata zilizopandishwa hadhi zina mmoja au miwili tu. Kwa mwanafunzi ambaye bado anayumba, shule yenye PCM na PCB kwa pamoja inafaa kuwa juu katika orodha ya machaguo yake, hata kama si ile yenye jina kubwa zaidi.

Anayetaka kuhama na ahame mapema. Wiki ya pili inavumilika, mwezi wa pili ni mgumu. Katika Hisabati ya Juu hasa, sura ya kwanza huibeba ya pili, na mwalimu hatarudi nyuma kwa ajili ya mmoja. Anayehamia Biolojia anaweza kuazima daftari na kusoma usiku. Anayehamia Hisabati atahitaji mtu wa kukaa naye, kwa kawaida mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye moyo, na saa kadhaa za kila jioni mpaka likizo ya kwanza.